Usiku wa kuamkia mtihani wa historia

Ijumaa ya leo tumeona tuliweke kando somo tulilokuwa nalo wiki zilizopita, tuzungumzie mtihani wa historia ya dunia wa kidato cha sita. Huenda wapo watakaouliza: sheikh na mtihani wa historia, wapi na wapi? Tunawaomba wavute subira, kwani jambo lenyewe lilitufika mlangoni kwetu, na halikuwa jambo la kufumbiwa macho.

Ilikuwa mwezi Mei mwaka 2023. Ramadhani ilikuwa imeondoka mwishoni mwa Aprili, na harufu ya Idi ilikuwa bado haijatoka majumbani. Anayeishi Kariakoo huujua msimu wa mitihani bila ya kutazama kalenda. Katika vile vibanda vya kutoa kopi vilivyobanana baina ya maduka ya vitenge na maduka ya simu, vijana waliovaa sare za shule husimama safu wakisubiri desa, yaani zile karatasi za maelezo zilizorudufiwa mara nyingi hata herufi zake zimefifia. Wenyewe husema wanapiga msuli. Na yule aliyeanza kupiga msuli jana ilhali mtihani ni kesho, wenzake humwita zimamoto. Jina hilo limemstahiki, maana zimamoto huja mbio na kelele nyingi, na aghalabu hukuta paa limekwisha kuanguka.

Baada ya swala ya Isha tulisikia hodi. Alikuwa mtoto wa dada yetu, ambaye tangu baba yake alipofariki anaishi na mama yake katika chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Kwema huko?"

"Kwema kidogo. Kesho ni Histori Tuu."

Mkononi alikuwa na bunda la desa nene kama tofali. Tulidhani amekuja kutaka msaada wa masomo, kumbe alikuwa amekuja kukopa shilingi elfu thelathini. Tulipomuuliza za nini, akasema kuna kitabu. Sasa, ndugu msomaji, saa tatu za usiku Kariakoo unaweza kununua karibu kila kitu, lakini muuza vitabu wa saa hizo hatumjui. Tukamtazama tu, tusiseme neno. Mwishowe akainamisha kichwa akaeleza kwamba kuna mtu katika kundi lao la WhatsApp anayesema pepa ya kesho anayo mkononi, na bei yake ni hiyo.

Hatukumkaripia. Kijana anayekuja kukiri mbele ya mjomba wake ana nusu ya toba tayari, na makaripio humfukuza aende akakope kwingine. Tulimsimulia kile kisa anachokijua tangu chuoni, cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono wake katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta majimaji chini ya punje kavu, naye akamkana muuzaji anayewaghushi watu. Kisa hicho ni cha sokoni, na mtoto wa Kariakoo hahitaji kufafanuliwa nafaka yenye maji ni nini. Cheti cha mtihani ulioibwa ni nafaka ya namna hiyo. Atakayekinunua ni mwajiri, au mgonjwa, au mwanafunzi wa kesho atakayefundishwa na mtu asiyejua anachofundisha.

Kisha tukamkumbusha upande wa dunia pia. Mwaka 1998 mitihani ya kidato cha nne ilivuja, ikafutwa na kurudiwa, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa wamesoma kwa jasho lao. Mwaka 2022 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya watahiniwa zaidi ya elfu mbili wa darasa la saba kwa udanganyifu, na hao walikuwa watoto wadogo waliodanganyishwa na wakubwa. Tena wauza pepa wengi hawana pepa yoyote. Mwenzake mmoja alilipa zile elfu thelathini usiku ule ule, na akapelekewa pepa ya miaka ya nyuma iliyofutwa mwaka wake juu. Hilo tulilijua baadaye.

Tukamuuliza: imekuwaje mtu wa miaka miwili darasani akawa zimamoto? Jibu lake ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Mwezi mzima wa Ramadhani, na nusu ya mwezi kabla yake, alikuwa akimsaidia ami yake kuuza nguo za Idi Mtaa wa Kongo, kuanzia alasiri hadi saa sita za usiku, kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa imelimbikizwa miezi mitatu. Asubuhi shuleni alikuwa akisinzia. Wako wazee wengi mjini humu wanaowalaumu vijana kwa uvivu, na uvivu upo, hatuukatai. Lakini tumeona pia kwamba wakati mwingine zimamoto ni mtoto aliyekuwa akizima moto wa nyumbani, na wa shuleni akauacha uwake kwanza.

Basi tukamwambia: fedha hizo hatuna kwa kazi hiyo, lakini usiku tunao. Kaa.

Pepa hiyo ya pili, kwa wasioijua, ni ya historia ya dunia: kuzuka kwa ubepari Ulaya, kuzuka kwa demokrasia, kuinuka kwa Marekani, vita vya mabeberu, ujamaa, na ukoloni mamboleo na udhaifu wa nchi zetu. Ni saa tatu na insha tano, zote kwa Kiingereza. Tukamwomba atutajie sababu za Vita Kuu ya Kwanza. Akafumba macho, akazimwaga kwa Kiingereza bila ya kukwama, moja baada ya nyingine hadi saba. Tukamsifu. Kisha tukamuuliza kwa Kiswahili: hayo mapatano ya mataifa unayoyataja, nani alipatana na nani, na juu ya nini? Akanyamaza. Tukauliza tena, kwa upole. Akacheka kidogo kwa haya, akasema, "Mjomba, hilo halimo kwenye desa."

Hapa tunaomba msomaji asituelewe vibaya. Sisi hatuna ugomvi na kuhifadhi. Tumelelewa chuoni, tumehifadhi kabla ya kufahamu, na tunamshukuru Mola kwa hilo. Lakini mwalimu wa chuo hamwachi mwanafunzi ahifadhi juzuu kwa usiku mmoja. Leo aya chache, kesho unasikilizwa hizo kabla ya kupewa mpya, keshokutwa unadurusu za leo na za jana, na ukikosea unarudishwa nyuma. Aliyehifadhi bila ya kudurusu hupoteza, na kila hafidhi anajua hivyo kwa uchungu. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na akachapisha matokeo yake mwaka 1885, mwaka ule ule ambao Mkutano wa Berlin ulimalizika. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya kilichohifadhiwa hupotea katika saa za mwanzo, na kwamba kurudia kwa kupisha siku hushinda kurudia kwingi kwa mkupuo mmoja. Na mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionyesha jambo jingine: waliosoma maandishi tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliowashinda ni wale waliofunga karatasi na kujaribu kukumbuka wenyewe. Walimu wetu wa chuo hawakuandika utafiti wowote. Walitukalisha mkekani na kusema, "Haya, soma," huku msahafu umefungwa.

Na sisi wenyewe tuliwahi kuwa zimamoto, tuseme ukweli. Tulifanya mtihani wetu wa kidato cha sita mwaka 1990, tukiwa tumekariri daftari la mwalimu mmoja lililokuwa la siku nyingi. Daftari lile lilisema kwamba kambi ya kisoshalisti inazidi kuimarika Ulaya Mashariki. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka Novemba 1989, redio ilikuwa ikitangaza kila jioni, nasi tulikuwa tunazima redio ili tupate utulivu wa kukariri kwamba haujaanguka. Alama tuliyopata hatutaitaja.

Ilikuwa imekaribia saa tatu na nusu. Tukalifunga bunda la desa, tukamwambia avae kandambili twende kunyoosha miguu. Akashangaa. Mtu ana saa chache, mjomba anamwalika matembezi! Lakini hakuwa na la kufanya.

Tukaanzia sokoni. Jengo kubwa lililosanifiwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970, lililoungua Julai 2021, lilikuwa mbele yetu. Tukamuuliza jina la mahali hapa limetoka wapi. Alizaliwa hapa, amekulia hapa, na hakujua. Tukamweleza kwamba Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, hapa palikuwa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa asili hiyo hiyo. Katika vita ile ya Afrika Mashariki, mashine hazikufaa sana, barabara hazikuwapo, wanyama wa mizigo waliuawa na ndorobo. Kilichobaki ni shingo ya Mwafrika. Watu waliobebeshwa mizigo upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kufikia milioni moja, kila mmoja na mzigo wa kilo 25 hivi, na waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, wanakadiriwa kukaribia laki moja. Kijana wetu alisimama kimya karibu na mkokoteni wa mchukuzi mmoja aliyekuwa amelala juu ya magunia yake.

"Sasa mapatano," tukamwambia. Tukamweleza kwa mfano wa mtaa. Wauza vitenge wawili wakigombana peke yao, jioni wanapatanishwa. Lakini kama kila mmoja ameshakula yamini na ndugu zake kwamba atakayemgusa huyu ametugusa sote, ugomvi wa vitenge unafunga mtaa. Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia walifungamana mwaka 1882. Ufaransa, Urusi na Uingereza walikuwa upande wa pili ilipofika 1907. Mrithi wa ufalme wa Austria aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Mwezi mmoja baadaye Austria ikatangaza vita dhidi ya Serbia, Ujerumani ikaingia dhidi ya Urusi na Ufaransa na kuivamia Ubelgiji, na tarehe 4 Agosti Uingereza ikaingia. Na tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza, Astraea, ilikuwa imesimama nje ya bandari hii yetu ikiupigia mizinga mnara wa simu za upepo wa Wajerumani.

Akahesabu kwa vidole. "Siku arobaini na moja, mjomba, kutoka Sarajevo mpaka hapa."

Hesabu hiyo hatukumpa sisi. Aliitoa mwenyewe, nasi tukajua kwamba hataisahau.

Tukakata Mtaa wa Aggrey. Je, Aggrey ni nani? Msomi wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1924 pamoja na tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani. Alipoliona jina hilo kwenye kibao akasema lipo kwenye desa, katika orodha, namba nne. Alikuwa amepita chini ya kibao hicho kila siku kwa miaka kumi na tisa. Tukatokea Mtaa wa Lumumba, ambao zamani uliitwa New Street, na ndipo ilipokuwa ofisi ya TANU iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Tukamkumbusha kwamba Patrice Lumumba aliuawa Januari 1961, miezi michache tu baada ya Kongo kupata uhuru, na kwamba akiulizwa ukoloni mamboleo ni nini, asianze na maana ya kamusi. Aanze na Kongo, na madini yake, na nani aliyekuwa akiyataka.

Mnazi Mmoja tuliuvuka polepole. Uwanja huu wazi haukuachwa kwa bahati. Watawala waliugawa mji kwa rangi: Wazungu upande wa pwani, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na uwanja huu ukawa kizuizi baina ya Uswahilini na Uhindini, kwa kisingizio cha afya. Hapo pia tukazungumzia mdororo wa uchumi wa dunia wa mwaka 1929, jinsi soko la hisa lilivyoanguka New York na bei ya mkonge wa Tanganyika ikaporomoka, manamba wakafukuzwa mashambani. Hilo la mkonge lilimpendeza kuliko yote, kwa sababu babu yake alikuwa manamba Tanga. Hakuwa amewahi kuwaza kwamba babu yake yumo ndani ya pepa.

Tulifika kwenye sanamu ya Askari saa nne na kitu. Mahali hapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Wissmann. Waingereza wakaing'oa, na mwaka 1927 wakaizindua hii ya askari wa Kiafrika. Ile ya Wissmann ilipelekwa Ulaya ikasimamishwa Hamburg, na wanafunzi wa huko wakaiangusha mwaka 1968. Kijana akainama kwa taa ya simu akasoma maandishi ya chini, ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya herufi za Kiarabu. Za Kiarabu alizisoma kwa sauti, vizuri kabisa, maana chuoni alikuwa hodari. Akakuta kwamba wapagazi wametajwa. "Kumbe wameandikwa," akasema. Wameandikwa, tukamjibu, lakini majina yao hayamo.

Tuliporudi kwa Mtaa wa Samora tukamwonyesha upande lilipokuwa duka la vitabu la Tanzania Publishing House, shirika lililochapisha pamoja na wachapishaji wa London kile kitabu mashuhuri cha Walter Rodney, mwaka 1972, kuhusu namna Ulaya ilivyoididimiza Afrika. Rodney alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokiandika. Nusu ya desa lile la ukoloni mamboleo ilikuwa ni kitabu hicho kilichokatwakatwa na kuondolewa jina la mwenyewe.

Tukanywa kahawa chungu na kashata kwa mzee mmoja mwenye dele lake pembeni ya njia, tukarudi nyumbani. Desa likabaki limefungwa. Tukampa karatasi nyeupe tano, kila moja kwa insha moja: andika hoja tu, kisha kwa kila hoja, mwaka mmoja, mahali pamoja, mtu mmoja. Azieleze kwanza kwa Kiswahili, kisha azitafute kwa Kiingereza chake mwenyewe hata kama ni cha kuchechemea. Kiingereza kilikuwa kibaya kuliko kile cha desa, lakini kilikuwa chake, na kila tulipokigonga kilijibu. Ujamaa ulimshinda. Tuliugusa juu juu, mapinduzi ya Urusi ya 1917 na Azimio la Arusha la 1967, tukauacha. Usiku mmoja hautoshi, na asiyekubali hilo hupoteza na kile alichokwisha kupata.

Saa sita kasorobo tukamwamuru alale. Alibisha. Alisema wenzake wanakesha Maktaba na vibarazani, wengine kwa vidonge na vinywaji vya kuongeza nguvu. Tukamwambia ubongo huhifadhi usiku, mtu akiwa amelala, kilichopokewa mchana, na kwamba anayekesha humwaga kwa mkono wa kushoto anachoteka kwa mkono wa kulia. Akalala mkekani sebuleni kwetu. Alfajiri tukamwamsha, akaswali, akapitia zile karatasi tano mara moja, akanywa chai na maandazi aliyoyaleta mama yake. Dada yetu hakuuliza mwanawe alikuja kwetu kutaka nini, nasi hatukumwambia.

Mchana akapiga simu. Sauti yake haikuwa ya furaha wala ya kilio. Alisema ameandika insha nne kamili na ya tano nusu, kwamba ile nusu ilikuwa ya ujamaa, na kwamba katika moja aliweka Kariakoo na wapagazi na sasa anaogopa msahihishaji atadhani ametoka nje ya swali. Matokeo yalipotoka Julai alikuwa na C katika historia. Mtihani wa majaribio alikuwa amepata S. Si alama ya kuitia kwenye fremu, na yeye mwenyewe anaamini kwamba lau ule mwezi na nusu wa Mtaa wa Kongo angeupata, ingekuwa alama nyingine. Nasi tunaamini hivyo. Ami yake alipoambiwa alinyamaza muda mrefu, kisha akasema Ramadhani ijayo ataajiri mtu.

Wiki chache baadaye tulipita kwenye kibanda kimoja cha kopi karibu na sokoni, tukakuta msichana wa kidato cha tano anarudufu bunda tulilolitambua kwa ile alama ya chai kwenye jalada. Tukaomba kulitazama. Kwenye ukurasa wa sababu za Vita Kuu, pembeni ya zile hoja saba, palikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu: siku 41, Astraea, 8 Agosti. Chini yake, kwa herufi kubwa zaidi: kasome kibao cha Askari, nenda na taa.

Msichana alituuliza kama maneno hayo yanatoka kwenye pepa. Tukamwambia hatujui, lakini Askari si mbali.